Kengele Inayodanganya Mara Mia Mbili



Leo nina swali ambalo tumelibishania na wenzangu hapa seminarini hadi taa za bweni zikazimwa, na bado hatujakubaliana. Kama kuna kengele ambayo karibu kila ikilia inadanganya, je, mtu anawajibika kuitii? Na akiipuuza, tuseme ametenda kosa, au tuseme ametumia akili ya kawaida tu?

Sisemi kwa mafumbo. Nazungumzia kitu halisi kabisa: kifaa kinachotambua moshi kwenye chumba cha mizigo cha ndege.

Hebu tuanze na chenyewe kilivyo. Chini ya sakafu wanapokaa abiria kuna vyumba ambamo mabegi na shehena hupakiwa. Kwa kawaida milango yake hufunguliwa kutoka nje, ndege ikiwa imesimama uwanjani. Ikisharuka, hakuna rubani wala mhudumu anayeweza kushuka huko kuchungulia. Kwa hiyo wameweka vitambua moshi. Ni kijisanduku chenye giza ndani, ambamo mwanga hupita bila kuligusa jicho la umeme lililowekwa pembeni. Hewa ikiwa safi, jicho halioni kitu. Moshi ukiingia, chembe zake hutawanya mwanga, jicho linaona, na kule mbele kwa rubani taa nyekundu inawaka na kengele inalia. Kanuni za Marekani za kuunda ndege zinataka rubani apate taarifa ndani ya dakika 1 tangu moto uanze. Yeye anabonyeza swichi, feni za hewa zinazimwa, kisha gesi ya haloni inamwagwa chumbani. Gesi hiyo huukaba moto, lakini huwezi kuiamini kwamba imeumaliza kabisa. Basi inabaki kazi moja, kutafuta uwanja wa karibu unaofaa na kutua.

Sasa tatizo ni kwamba si moshi pekee unaotawanya mwanga. Vumbi linafanya hivyo. Ukungu unaotoka kwenye maua na matunda yaliyopakiwa mabichi unafanya hivyo. Pumzi na jasho la wanyama, dawa ya kupulizia wadudu, hata unyevunyevu tu wa nchi za joto, vyote vinaweza kukiamsha kijisanduku kile. Watafiti wa mamlaka ya anga ya Marekani walipitia matukio ya ndege zilizosajiliwa nchini kwao tangu 1974 hadi 1999, wakakuta kwamba katika miaka ya mwisho ya kipindi hicho, kwa kila tukio 1 la moshi wa kweli kulikuwa na kengele za uongo kama 200.

Mia mbili kwa moja! Ungekuwa na rafiki wa namna hiyo ungemfuta kwenye simu.

Mwenzangu mmoja darasani, mtu wa hesabu sana, alisimamia hapo hapo. Alisema mwenye akili timamu anaamini jambo kwa kadiri ya ushahidi alionao. Ushahidi unasema kuna nafasi ndogo mno kwamba kuna moto. Basi rubani anayegeuza ndege yenye watu mia tatu kwa sababu ya taa hiyo anatenda kinyume cha akili. Tena akawakumbusha waliokuwa tayari kumcheka kwamba kutua kwa dharura si mchezo, na kuwatelezesha watu kwenye yale maboya ya mlangoni huvunja miguu ya wazee. Hoja yake si ya kijinga, na waliompuuza hawakumwelewa.

Lakini nadhani amechanganya mambo mawili ambayo Mtakatifu Thoma wa Akwino anatufundisha kuyatenganisha: kujua kilicho kweli na kujua la kutenda. Busara ni fadhila ya akili inayotenda. Haiulizi tu, "Je, kuna moto?" Inauliza, "Kwa kuwa siwezi kujua kama kuna moto, nifanye nini sasa hivi na watu hawa niliokabidhiwa?" Rubani anaweza kabisa kuamini moyoni kwamba chini kuna ukungu wa maua tu, na bado akageuza ndege. Huo si unafiki wala si woga. Akikosea kwa kugeuza, abiria watachelewa, mafuta yatapotea na huenda bosi akanuna. Akikosea kwa kuendelea, hakuna atakayerudi kumsimulia. Huwezi kuweka makosa hayo mawili kwenye mizani ukayahesabu kana kwamba yana uzito mmoja.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu ya mwenzangu haikuligusa, nalo ni muda. Tunazoea kufikiri kwamba kuhakikisha ni kitu cha bure, yaani kwanza nihakikishe, halafu nitaamua. Kumbe kuhakikisha nako ni tendo, na lina gharama yake.

Tarehe 19 Agosti 1980 usiku, ndege ya Saudia namba 163, aina ya TriStar, ilipaa kutoka Riyadh kwenda Jeddah ikiwa na watu 301. Haikuwa imetimiza dakika 7 angani taa ya moshi wa chumba cha mizigo cha nyuma ikawaka. Wakiwa kule mbele, walitumia zaidi ya dakika 4 kujaribu kuthibitisha kama taa ile inasema kweli, huku wakiutafuta kwenye vitabu ukurasa wa utaratibu. Mhandisi wa ndege akaenda nyuma kuangalia, akarudi na habari ya moshi. Hapo ndipo wakageuza. Moto ukapenya sakafu ukaingia kwa abiria.

Sikilizeni sehemu inayofuata kwa makini, kwa sababu watu wengi hudhani ndege ile ilianguka. Haikuanguka. Ilitua Riyadh salama, magurudumu yote chini. Lakini haikusimama papo hapo. Iliendelea kukimbia barabarani, ikakata kona, ikasimama baada ya zaidi ya dakika 2, na injini zikabaki zinanguruma kwa dakika nyingine zaidi ya 3. Hakuna mlango uliofunguliwa kutoka ndani. Waokoaji walipofanikiwa kufungua mmoja kutoka nje, zaidi ya dakika 20 zilikuwa zimepita tangu injini kuzimwa. Wote 301 walikufa. Chanzo cha moto hakikuthibitishwa, ingawa katika mabaki yalikutwa majiko mawili madogo ya gesi.

Sitaki kumhukumu rubani yule. Mimi naandika nikiwa kwenye kiti kisichowaka moto. Wala sisemi zile dakika 4 peke yake ndizo zilizoua, maana ndege ilitua na watu wangeweza kushuka. Ninachokiona ni kwamba mwelekeo ulikuwa mmoja tangu taa ilipowaka hadi injini zilipozimwa: kuishi kana kwamba jambo halijawa kweli mpaka liwe limeonekana. Na moto wa kwenye chumba cha mizigo ukishaonekana, muda wako umekwisha.

Hadi hapa nimekuwa nikizungumza juu ya mtu aliyepewa kengele. Kinachonisumbua zaidi ni wale walioamua kwamba kengele isiwepo.

Kwa miaka mingi ndege nyingi za abiria zilikuwa na vyumba vya mizigo vya daraja lililoitwa D. Humo hapakuwa na kitambua moshi wala gesi ya kuzimia. Wazo lilikuwa hivi: chumba kinabana hewa, kwa hiyo moto ukizuka utamaliza oksijeni iliyomo na kufa wenyewe. Jamani, tusilidharau wazo hilo. Mama zetu wanazima mafuta yaliyowaka kwa kufunika sufuria. Lakini tarehe 3 Februari 1988 ndege ya American Airlines iliyokuwa ikielekea Nashville ilibeba kemikali ambazo hazikutangazwa kama mzigo hatari, mojawapo ikiwa hidrojeni peroksidi, ambayo ikioza hutoa oksijeni yake yenyewe. Sakafu ya abiria ikawa ya moto na laini chini ya miguu. Wakatua, wakashuka, hakuna aliyekufa. Bodi ya Marekani inayochunguza ajali ikapendekeza vyumba vya daraja D viwekewe vitambua moshi na vizimio. Mamlaka ya anga ikapiga hesabu, ikaona gharama haiendani na faida, ikaacha.

Miaka 8 baadaye, tarehe 11 Mei 1996, ndege ya ValuJet namba 592 ilipaa kutoka Miami kwenda Atlanta. Kwenye chumba cha mbele cha daraja D kulikuwa na masanduku ya vifaa vya kuzalisha oksijeni kwa kemikali, vile vinavyolisha barakoa za abiria, vilivyotolewa kwenye ndege nyingine. Havikuwa vimefungwa vifuniko vya usalama, na karatasi zilivitaja kama vitupu. Kifaa kimoja kikiwaka kinatoa joto kali na oksijeni kwa pamoja, na karibu yake yalipakiwa matairi. Ule moto uliotegemewa kufa kwa kukosa hewa ulikuwa na kiwanda chake cha hewa ndani ya chumba. Dakika kama 10 baada ya kuruka, ndege ilizama kwenye kinamasi cha Everglades na watu wote 110. Mwaka 1998 ikatoka amri kwamba ndege za abiria zenye vyumba vya daraja D ziwekewe vitambua moshi na vizimio, na mwisho wa kutekeleza ukawa Machi 2001.

Tunaposoma maadili seminarini, tunafundishwa kwamba kutojua mara nyingi hupunguza lawama. Mtoto anayegusa asichokijua hatumlaumu. Lakini Mtakatifu Thoma anataja aina moja ya kutojua ambayo haimwokoi mtu, nayo ni ile anayoitaka mwenyewe: hataki kujua, ili asilazimike kubadilika. Namfikiria mtu anayehisi ugonjwa akakataa kupima, si kwa kukosa nauli ya kwenda hospitali, bali ili aendelee kuishi na mchumba wake bila swali.

Je, chumba kisicho na kitambua moshi ni kutojua kwa namna hiyo? Si kila mara. Kabla ya 1988, nadhani wahandisi walikuwa na imani ya kweli katika wazo la sufuria lililofunikwa. Tena kuhesabu gharama si dhambi, kwa sababu fedha hazina chemchemi, na shilingi inayowekwa kwenye kifaa hiki haiwekwi kwenye kingine. Mzazi anafanya hesabu hiyo kila mwezi. Lakini baada ya sakafu kulainika ndani ya ndege iliyojaa watu, wazo lilikuwa limeshajibiwa na moto wenyewe. Kuanzia siku ile, kutokuwa na kengele kulikuwa ni uamuzi wa kutotaka kuisikia. Siingii moyoni mwa mtu, hiyo ni kazi ya Mungu. Nasema tu kwamba hapo neno "hatukujua" linapoteza nguvu yake nyingi.

Najua wengine mnasubiri niseme kwamba dhamiri ni kitambua moshi. Inafanana kidogo, basi. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, aliyeteswa sana na dhamiri yenye wasiwasi akaandika kanuni juu yake, angewaambia kwamba zipo kengele za uongo rohoni, na anayekimbilia kuungama kila inapolia anaumia bure. Dawa yake ni kiongozi wa kiroho mwenye subira, siyo kung'oa nyaya. Ila mfano huu unavunjika mahali pamoja: ndani ya dhamiri yako unaweza kushuka na taa ukaangalia kilichomo. Kwenye chumba cha mizigo huwezi, na ndiyo maana napenda tubaki nacho.

Maana sisi nasi tunapakia mizigo. Kijana anayekwenda Muscat au Doha kikazi anaambiwa pawabenki isikae kwenye begi analokabidhi, aibebe mkononi. Anaona usumbufu. Begi la mkononi limejaa, foleni ni ndefu, na yule dada wa kaunta anauliza kwa haraka kama kuna betri humo ndani. Kusema "hapana" kunachukua sekunde moja.

Sababu ya katazo hilo ni nyepesi kueleza. Betri ya lithiamu ikiharibika hujichemsha yenyewe, seli moja ikiwasha nyingine, na haloni haiwezi kuupoza mnyororo huo. Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS iliyotoka Dubai kwenda Cologne ilipata kengele ya moto angani. Ilikuwa na makumi ya maelfu ya betri za lithiamu, na uchunguzi ulionyesha kwamba angalau shehena 3 zilipaswa kutangazwa kama mzigo hatari lakini hazikutangazwa hivyo. Moshi ukajaa chumba cha marubani hata wasione vyombo vyao. Walikuwa wawili, na wote wawili walikufa.

Pawabenki ikianza kufuka ukiwa umeibeba juu, jirani yako ataiona, atapiga kelele, na mhudumu atakuja na kizimio na maji ya kuipoza. Kule chini hakuna jirani. Kuna kijisanduku chenye giza tu, na mbele kuna rubani ambaye taa ikiwaka hatakuwa na namna ya kujua kama ni ukungu wa maua au ni begi lako.