Shahidi Mbele ya Walimwengu

Wako watu wajisifuo kwamba wakimtazama mtu usoni mara moja wajua kama asema kweli au uwongo. Maneno hayo twayasikia barazani, vilabuni, ndani ya basi, na hata kwa watu wenye elimu yao. Katika mambo madogo majivuno hayo hayana hasara kubwa: mtu atadanganyika juu ya bei ya mbuzi, basi. Lakini kesi ya kuua si bei ya mbuzi. Hapo mmoja amekwisha kufa, wa pili yuko kizimbani, na wa tatu, yaani shahidi, ameitwa aje kusema aliyoyaona au kuyasikia, naye hakuomba kuitwa. Juu ya huyu wa tatu twataka kusema leo. Watu humkumbuka marehemu, humkumbuka mshtakiwa. Shahidi humsahau, au humfanyia mzaha.

Tuitwae kesi ambayo dunia nzima iliisikia. Mjini Pretoria, Afrika ya Kusini, tarehe 14 Februari 2013, yapata saa 9 za usiku, Oscar Pistorius, mkimbiaji mashuhuri aliyekatwa miguu yote miwili tangu utoto, alipiga risasi 4 kupitia mlango wa choo uliofungwa, akamwua mpenzi wake, Reeva Steenkamp. Kwamba alipiga hakukana. Alisema alidhani ni mwizi aliyeingia nyumbani. Kesi ilianza tarehe 3 Machi 2014 mbele ya Jaji Thokozile Masipa, akiwa na washauri wawili wa mfano wa wale ambao wasomaji wetu wawajua kwa jina la wazee wa baraza. Siku chache kabla yake jaji mwingine, Dunstan Mlambo, alikuwa ametoa ruhusa kesi itangazwe kwa redio na televisheni. Sauti za mashahidi wote zisikike. Sura zao zionekane kwa wale tu walioridhia.

Shahidi wa kwanza alikuwa jirani, mwanamke akaaye umbali wa meta 177. Alisema aliamshwa na kelele za mwanamke, kisha akasikia milio ya bunduki. Alianza kusema Kiafrikaans, lakini mkalimani akawa hayafikishi maneno yake sawasawa, hata mama huyo akaona afadhali aseme Kiingereza mwenyewe. Hakutaka sura yake ionekane. Hata hivyo, kituo kimoja cha televisheni kikaitoa picha yake iliyopatikana kwingine, na jaji akakemea vikali. Ndivyo alivyopokewa mtu wa kwanza kuitika mwito wa sheria.

Baadaye mumewe alitoa ushahidi uliofanana na wa mkewe. Barry Roux, wakili wa utetezi, akamwambia kwamba maneno yao yafanana mno, kana kwamba wangaliweza kusimama kizimbani pamoja. Hatumlaumu wakili, hiyo ndiyo kazi yake, na mshtakiwa ana haki ya kutetewa kwa nguvu. Lakini msomaji apime mwenyewe hali ya shahidi. Maneno ya mume na mke yakifanana, husemwa wamepatana; yakiachana, husemwa mmoja wao ni mwongo. Wenye kusikiliza majumbani wakajigawa pande mbili, kila upande ukimwamini shahidi wake na kumdhihaki wa wenzao, kama watu waliokwenda kutazama mpira.

Jaji alisema nini juu ya majirani? Hakuwaita waongo. Aliona ni watu waaminifu waliokosea juu ya walichosikia. Akakumbusha kwamba kumbukumbu za wanadamu hupungua kadiri siku zipitavyo, na kwamba huenda baadhi ya mashahidi hawakuweza tena kutenga yale waliyoyajua wenyewe na yale waliyoyapata kwa watu wengine na kwa magazeti. Wale waliokaa mlango kwa mlango na nyumba ile hawakusikia mwanamke akipiga kelele. Walisikia mwanamume akilia. Tena kulikuwa na milio ya namna mbili usiku ule, ya bastola na ya gongo la kriketi lililovunja mlango, nayo kwa sikio la mtu aliyetoka usingizini ni vigumu kuitofautisha. Basi jaji akategemea zaidi saa za simu zilizopigwa usiku ule, kwa kuwa kitabu cha simu hakina jirani wala rafiki.

Hapa pana jambo ambalo fikira za watu wengi hazilioni. Sisi hudhani viko vitu viwili tu: kweli na uwongo. Kumbe kuna na cha tatu, nacho ni kosa la mtu mwaminifu. Mwongo ajua kwamba asemalo silo. Aliyekosea aapa kwa moyo safi, naye aweza kusema pasipo kusita, macho makavu, sauti imara, kuliko yule asemaye kweli kwa hofu. Wazee wasema njia ya mwongo ni fupi. Twakubali. Ila hawakusema kwamba njia ya mkweli imenyoka daima.

Zaidi ya mashahidi hao, mshtakiwa naye alipanda kizimbani. Kabla ya hapo, siku daktari alipoeleza majeraha ya marehemu, alitapika mle mahakamani; na mara nyingi alilia. Ajabu ni hii: machozi yale yale kwa wengine yalikuwa uthibitisho wa huzuni ya kweli, kwa wengine uthibitisho wa unafiki. Yuko aliyeandika hadharani kwamba alikuwa amefundishwa kuigiza, nao jamaa zake wakakana. Gerrie Nel, mwendesha mashtaka, alimhoji siku nyingi, na watu wakahesabu kila alipokwama. Sisi twauliza: kama machozi yaweza kusomwa kwa njia mbili zilizo kinyume, yana thamani gani kama ushahidi? Mtu mwenye hatia hulia, asiye na hatia hulia, na wako waliozaliwa na macho magumu ambao hawalii hata kaburini kwa mama yao.

Hukumu ilisomwa tarehe 11 na 12 Septemba 2014. Jaji Masipa alisema wazi kwamba mshtakiwa alikuwa shahidi mbaya sana, mwenye kukwepa maswali. Lakini akaongeza neno ambalo, kwa maoni yetu, lastahili kufundishwa shuleni: kwamba tujihadhari tusije tukasema, kwa kuwa mtu huyu si mkweli, basi ndiye mwenye hatia. Mtu aweza kudanganya kwa aibu, kwa hofu, kwa kutaka kuonekana mwema kuliko alivyo, na uwongo wake usiwe na uhusiano na kosa aliloshtakiwa. Akamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia tu. Mara matusi yakamwangukia jaji mwenyewe. Wale ambao jana walikuwa wakimpima shahidi kwa uso wake, leo walimpima mwamuzi kwa namna iyo hiyo, na wanasheria wa nchi ile ikawapasa kusimama kumtetea.

Haikuwa kwamba hukumu yake haikuweza kusahihishwa. Tarehe 3 Desemba 2015 Mahakama ya Rufani ya Bloemfontein iliigeuza, ikamtia hatiani kwa kosa la kuua kwa kukusudia. Na mwaka 2017 kifungo chake kikafanywa miaka 13 na miezi 5. Lakini tuangalie kwa makini njia iliyofuatwa na majaji wale. Hawakuamua kwamba mwanamke alipiga kelele, wala kwamba machozi yalikuwa ya bandia. Walisema kwamba yeyote aliyekuwa nyuma ya mlango ule, awe ni mwizi, awe ni mpenzi wake, mwenye kupiga risasi 4 ndani ya chumba kidogo namna ile alitambua kwamba mtu huyo aweza kufa, naye akapiga. Basi! Yale mabishano yote ya miezi mingi, nani alisikia, nani alilia, nani alibabaika, hayakuwa ndiyo kitovu cha kesi. Kitovu kilikuwa mlango wenye matundu 4, nao tangu siku ya kwanza hakuna aliyeubisha.

Kesi ya pili ni ya Marekani, nayo yatusikitisha zaidi. Mwezi Februari 2012, mjini Sanford, jimbo la Florida, George Zimmerman alimwua kwa bastola kijana Mweusi wa miaka 17, Trayvon Martin, ambaye hakuwa na silaha. Kabla ya kufa kijana alikuwa akiongea kwa simu na msichana rafiki yake. Msichana huyo, mwenye miaka 19 wakati wa kesi mwaka 2013, alihojiwa kwa siku mbili, saa zinazokaribia 6. Mama yake ni mtu wa Haiti, na Kiingereza chake kilikuwa kile cha Wamarekani Weusi wa mitaani. Alisema kwa sauti ya chini, akakasirika, akaulizwa tena na tena arudie. Alipopewa barua asome akashindwa, kwa sababu ilikuwa imeandikwa mwandiko wa kuunganisha. Nchi ikacheka. Walimcheka lugha, wakamcheka mwili, wakamwita mjinga.

Ni kweli, na haki yatudai tuseme, kwamba hapo mwanzo alikuwa ametoa maneno yasiyo ya kweli: alipunguza umri wake, na alisingizia ugonjwa kueleza kwa nini hakwenda mazikoni. Mambo hayo wakili alikuwa na haki ya kuyafichua. Lakini waliomcheka hawakumcheka kwa hayo. Mmoja wa wale raia sita waliokuwa na kazi ya kuamua alisema baadaye katika televisheni kwamba binti yule alikuwa mgumu kueleweka, na kwamba hakumwona mtu wa kuaminika. Wataalamu wawili wa lugha, John Rickford na Sharese King, waliyachunguza maneno yake yaliyoandikwa, na mwaka 2016 wakaonyesha kwamba lugha yake ilikuwa na kanuni zake imara, ila wasikilizaji hawakuizoea. Zimmerman aliachiliwa. Hatusemi kwamba kama msichana angalisema Kiingereza cha shuleni hukumu ingalikuwa nyingine. Hilo hakuna awezaye kulijua. Twasema tu kwamba kutokumwelewa mtu kuligeuzwa kuwa kutokumwamini, na mambo hayo mawili si mamoja. Nasi wenyewe tusijione wema. Nani kati yetu hajamsikia karani akimcheka mzee wa shamba kwa Kiswahili chake, na papo hapo kumdhania mjanja?

Katika kitabu cha Danieli imo habari ya Susana. Watu wote waliwaamini wazee wale wawili kwa sababu ya mvi zao na cheo chao cha uamuzi, na mwanamke alikuwa akipelekwa kuuawa. Kijana Danieli hakuwatazama wazee usoni. Aliwatenga, akawauliza kila mmoja peke yake: chini ya mti gani? Miti ikawa miwili tofauti. Hiyo ni kazi ile ile ya saa za simu za Pretoria.

Wengine watatuambia: basi mwataka kesi zisikilizwe kwa siri? Sivyo kabisa. Mahakama ya siri ni rafiki ya wenye nguvu. Jaji Mlambo alipotoa ruhusa ile alitaja dhana iliyoenea kwamba sheria huwalea matajiri na mashuhuri na kuwa kali kwa maskini, na alitaka wananchi wajionee wenyewe. Twaona alifanya vema. Mwananchi ana haki ya kuona jinsi haki itendwavyo. Lakini haki ya kuona si ruhusa ya kumdhalilisha yule aliyekuja kuapa. Jina jema la shahidi ni mali yake, nalo halikuwekwa mezani pamoja na vielelezo vya kesi.

Tena hasara haimpati yeye tu. Mwezi Julai 2014, kesi ya Pretoria ilipokaribia mwisho, wakili Roux aliiambia mahakama kwamba mashahidi kadhaa ambao utetezi ulitaka kuwaita walikataa kuja, kwa kuwa hawakupenda sauti zao zisikike duniani kote. Walikuwa wamekwisha kuona waliotangulia walivyotendewa. Huenda maneno yao yangalimsaidia mshtakiwa, huenda yangalimwangamiza, au yangalikuwa ya bure tu. Hayamo katika kumbukumbu za kesi ile, wala mbele ya majaji wa Bloemfontein hayakufika.