Mgeni Mbele ya Kabaka

Mwaka 1844 mfanyabiashara kutoka pwani, Ahmed bin Ibrahim, alikuwa barazani kwa Kabaka Suuna wa Pili wa Buganda. Siku hiyo Kabaka aliamuru watu wauawe, jambo ambalo halikuwa geni katika utawala wake. Masimulizi ya Waganda wenyewe yanasema Ahmed alisimama akamwambia kwamba watu hao ni viumbe wa Mwenyezi Mungu, yule yule aliyempa yeye Suuna ufalme, na kwamba ni dhambi kuwaangamiza. Suuna akajibu kuwa ufalme wake alipewa na miungu wa nchi yake. Ahmed akashikilia neno lake. Hakuuawa, na baadaye Kabaka huyo huyo alitaka kufundishwa Kurani.

Nimelifikiria tukio hilo mara nyingi, kwa sababu ndani ya sentensi moja ya Ahmed dini na siasa hazikuwa zimetengana. Kusema kwamba mtu ameumbwa na Mungu ilikuwa ni kusema pia kwamba mtu huyo si mali ya mfalme. Na aliyesema hayo hakuwa Mganda. Alikuwa mpita njia aliyefuata pembe za ndovu. Alipata wapi haki ya kusema?

Jibu la watawala wa kila zama ni moja: hakuwa nayo. Nchi ina mwenyewe, mgeni ale, anywe, ashukuru, aende zake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na sisi huutaja msemo huo tukikaribisha watu sebuleni. Lakini katika nchi ya mtawala mmoja, mwenyeji ni nani? Ni yule aliyeketi juu ya kiti, au ni wale waliopiga magoti wakisubiri kuuawa? Anayedai kwamba mgeni asiingilie mambo ya wenyeji amekwisha kuamua, bila kusema, kwamba wenyeji ni mtu mmoja. Waliokuwa wanakwenda kuuawa siku ile nao walikuwa wenyeji, na mgeni wao aliwasemea.

Kwa hiyo sikubali kwamba mipaka ya nchi ni mipaka ya huruma. Lakini hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa sababu kusema mbele ya mfalme ni jambo moja, na kufundisha watoto wa watu jambo ambalo mfalme atawaulia ni jambo lingine kabisa. Ahmed aliweka rehani shingo yake. Waliofuata baada yake waliweka rehani shingo za nani?

Wamisionari Waanglikana walifika Buganda mwaka 1877, Mapadri Weupe wa Kikatoliki mwaka 1879. Kabaka Mutesa, aliyemrithi Suuna, aliwapokea akiwa na hesabu zake, hasa hofu ya Misri iliyokuwa inasogea kutoka kaskazini. Mwaka 1876 alikuwa amekwisha kuwachoma vijana wa Kiislamu wa kasri lake waliokataa nyama iliyochinjwa na mtu asiyetahiriwa. Yaani kila aliyekuja kufundisha baada ya hapo alikuwa na kila sababu ya kujua moto ule unawaka wapi.

Tarehe 31 Januari 1885, chini ya Mwanga, mwana wa Mutesa, vijana watatu waliokuwa wanafunzi wa Waanglikana waliuawa: Makko Kakumba, Nuuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, ambaye alikuwa bado mvulana mdogo. Mwalimu wao, Mskoti Alexander Mackay, hakuuawa. Tarehe 3 Juni 1886 Karoli Lwanga na Wakristo wenzake walichomwa Namugongo. Mapadri waliowafundisha hawakuchomwa. Ni lazima tulitazame jambo hilo bila kupepesa macho: waliofundisha waliishi, waliofundishwa walikufa.

Je, tuseme basi wageni waliwaua? Niliwahi kuamini hivyo, nikiwa na hasira ya ujana, na leo naona nilikuwa nawadhulumu marehemu. Mwezi Novemba 1882 Mapadri Weupe waliondoka Buganda wakaenda Bukumbi, kusini mwa Ziwa Viktoria, wasirudi hadi 1885. Muda wote huo hapakuwa na padri wa Kikatoliki. Waliorudi walikuta waumini wameongezeka, wakifundishana wenyewe, mmoja wa viongozi wao akiwa Yosefu Mukasa Balikuddembe, mtumishi mkubwa wa kasri. Na Mwanga alipoamuru kuuawa kwa Askofu Mwanglikana Hannington mwaka 1885, aliyemlaumu usoni hakuwa Mzungu. Alikuwa Balikuddembe, na akauawa kwa hilo Novemba mwaka huo huo.

Neno la Ahmed lilikuwa limepata mdomo wa Kiganda. Si kwamba Balikuddembe alimfuata Ahmed. Dini zao zilikuwa mbili. Lakini kauli ilikuwa ile ile, kwamba kuna damu ambayo mfalme hana ruhusa ya kuimwaga, na safari hii aliyeitoa alikuwa amezaliwa humo, hakuwa na pwani ya kurudia. Kumwita mtu kama huyo chombo cha wageni ni kumnyang'anya kitu pekee alichokuwa nacho wakati anakufa, yaani uamuzi wake. Mgeni alileta habari. Imani ikawa ya aliyeichagua. Hata hivyo deni la mgeni halifutiki. Anayemfundisha mtoto jambo la hatari anawajibika kumwambia hatari hiyo, na kubaki naye inapofika. Mackay alibaki hadi 1887, na alikufa kwa malaria mwaka 1890 huko Usambiro, kusini mwa ziwa hilo hilo. Namheshimu kwa hilo.

Ambalo siwezi kuliheshimu ni lililofuata. Desemba 1890 ofisa Mwingereza Lugard alifika Kampala na bunduki ya Maxim, na Januari 1892 bunduki hiyo iliamua vita vya Mengo kwa upande wa Waprotestanti. Waganda walikuwa wameanza kuitana Wafaransa na Waingereza kwa sababu ya makanisa yao. Mwaka 1894 nchi ikawa chini ya Uingereza. Miaka minane tu baada ya Namugongo, imani iliyokuwa imempinga mwenye nguvu ilikuwa imekaa nyuma ya mwenye nguvu mwingine.

Mgeni anayetaka kupeleka demokrasia ana ugumu zaidi ya anayepeleka dini. Imani inaweza kuingia kwa mtu mmoja gizani, ikakaa humo miaka bila jirani kujua. Uchaguzi huru haukai moyoni mwa mtu mmoja. Unahitaji hakimu asiyetishika, askari anayerudi kambini, na mshindwa anayekubali kushindwa. Sisi Watanzania tulijifunza hilo kwa gharama. Tuliisusia Kampala wakati wakuu wa nchi za Afrika walipokwenda kuketi na Idi Amin mwaka 1975, na nadhani ususiaji ule ulikuwa tendo safi. Amin alipoivamia Kagera mwaka 1978 tulimtoa katika ardhi yetu, tukaendelea mbele, na tarehe 11 Aprili 1979 jeshi letu likaingia Kampala. Amin, mwuaji wa Askofu Mkuu Janani Luwum, alikuwa amekimbia. Lakini Yusuf Lule, rais aliyemfuata, alidumu siku 68 tu, uchaguzi wa Desemba 1980 ukafanyika majeshi yetu yakiwa bado nchini humo, matokeo yakabishaniwa, na vita vya msituni vikaanza 1981. Tuliweza kumwondoa dikteta. Kuwapa watu wa Uganda uhuru wa kuchagua hakukuwa katika uwezo wetu.

Kwa hiyo naona haki ya mgeni ni pana katika kusema, kushuhudia, kumficha anayekimbia na kumfundisha anayetaka kujua. Na ni finyu mno katika kila tendo ambalo gharama yake italipwa na mwingine. Aje kwa mwili wake, aonekane, alipe mwenyewe.

Mei 2025 walikuja wageni wa namna hiyo kwetu, Dar es Salaam, kuhudhuria kesi ya kiongozi wa upinzani Tundu Lissu. Martha Karua wa Kenya alizuiwa uwanja wa ndege akarudishwa. Boniface Mwangi, Mkenya mwenzake, na Agather Atuhaire wa Uganda walikamatwa, na baadaye wote wawili wakasema waliteswa, lakini polisi walikanusha. Hawakuja na bunduki. Walikuja kuketi mahakamani. Atuhaire alipatikana ametelekezwa Mutukula, mpaka ule ule ambao vijana wetu waliuvuka mwaka 1979 kwenda kumwondoa Amin.