Kioo Kilishuka, Hakikupanda

Kioo cha mlango wa abiria kilishuka vizuri tu pale Mafinga. Nikalipa hela ya njegere, mama akanirudishia chenji, nikabonyeza swichi ya kukipandisha. Kimya. Nikainama hadi upande wa pili na kubonyeza swichi ya mlango wenyewe. Kimya vilevile. Nikajaribu kushusha, nione kama kuna uhai, na hapo kikashuka chote kilichobaki, kikazama ndani ya mlango.

Ilikuwa Julai, saa kumi na moja jioni, natoka Iringa kwenda Mbeya. Aliyewahi kupita kati ya Mafinga na Makambako mwezi huo hahitaji kuelezwa. Baridi ya pale haibishi hodi. Nilifunga kitenge dirishani, kikajaa upepo kama tanga, na kila lori la kutoka Tunduma lilipopishana nami kikataka kuondoka nalo. Nikakitoa, nikavaa koti, nikaendelea na safari huku sikio la kushoto likiwa kama si langu.

Gari lenyewe ni dogo, la Kijapani, la mwaka 1998, tunakaribiana umri. Asubuhi hiyo lilikuwa gereji, Iringa mjini, kutengenezwa kitasa. Kitasa cha mlango huohuo. Aliyefanya kazi ni kijana wa miaka kumi na saba hivi, msaidizi wa fundi, mpole, asiyeinua macho anapoongea na mteja. Alifungua kava la ndani la mlango, mimi nikaenda kunywa chai. Niliporudi kitasa kilikuwa kinafanya kazi, nikalipa, nikaondoka.

Kufika Makambako kesi ilikuwa imekwisha. Nilikuwa na hoja, tena nilizipanga. Kabla ya gereji kioo kilikuwa kizima. Mlango uliofunguliwa ni huohuo. Swichi mbili zote zimekataa, na swichi mbili haziwezi kufa dakika moja, kwa hiyo ugonjwa uko kwenye kile wanachokitegemea wote wawili, yaani mota. Kwa nini basi kinashuka? Kwa sababu kushuka ni rahisi, kupanda ndiko kunakotaka nguvu. Mota iliyomo imechoka. Mota yangu haikuwa imechoka. Basi iliyomo si yangu.

Hoja hiyo ya mwisho niliipenda sana. Nilijiona kama mtu aliyesoma.

Nikampigia simu mwenye gereji. "Bosi, kijana wako kanichomolea mota ya kioo." Hakuuliza swali hata moja. Akasema, "Huyo dogo tangu mwanzo sikumwelewa. Niachie mimi." Nilipokata simu nilijisikia vizuri, karibu nisahau baridi. Nalitaja hilo kwa sababu ndilo linalonisumbua kuliko mengine yote.

Siku mbili baadaye nilimfikia fundi umeme mmoja Mwanjelwa, mzee wa makamo, gereji yake mti na turubai. Nikamwamkia.

"Marahaba. Kinashuka?"

"Kinashuka, hakipandi."

"Kwa swichi zote mbili?"

"Zote mbili, mzee. Nimeibiwa mota."

Hakunijibu. Aliangalia fyuzi kwanza, ingawa sote wawili tulijua kwamba kama kioo kinashuka basi fyuzi haijakatika. Nilimuuliza kwa nini anapoteza muda. Akasema kuangalia fyuzi hakumgharimu mtu kitu. Kisha akafungua kava la mlango, akachomoa soketi ya mota, akavuta waya mbili moja kwa moja kutoka kwenye betri na kuzigusisha. Kioo kikapanda mpaka juu, bila kusita, kama gari limetoka kiwandani.

Mota ilikuwa nzima. Basi, nikasema, labda ni nzima lakini si yangu. Mzee akaniita niiname. Boliti zilizoishikilia zilikuwa na vumbi lililogandana na grisi nyeusi ya miaka mingi, na hapakuwa na alama ya spana hata moja. "Hizi hazijaguswa tangu Japani," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Alichonieleza baadaye nimekifikiria kuliko mihadhara mingi niliyowahi kukaa. Mota ya kioo ina waya mbili tu. Umeme ukiingia kwa huu na kutokea kwa ule, kioo kinapanda, ukigeuzwa, kinashuka. Usipobonyeza kitu, waya zote mbili zimeegeshwa kwenye ethi, yaani kwenye bodi ya gari, kupitia swichi. Ukibonyeza, waya mmoja unahamishiwa kwenye umeme wa betri, na wa pili unabaki palepale ulipokuwa. Huo ndio njia ya kurudia. Sasa, katika magari mengi ya namna hii, waya za mlango wa abiria zinapata ethi kwa kupitia swichi kubwa ya dereva, hata pale abiria anapobonyeza swichi yake mwenyewe. Kwa hiyo kikiingia uchafu mahali pamoja tu, kwenye mguso wa swichi ya dereva, upande wa kushusha, ule ambao hukuubonyeza, umeme wa kupandisha unaingia kwenye mota na kukosa pa kutokea. Swichi zote mbili zitaonekana zimekufa, na kushusha kutaendelea kama kawaida.

Ile hoja yangu kwamba swichi mbili haziwezi kufa pamoja ilikuwa sahihi. Hazikufa pamoja. Niliruka tu kutoka hapo hadi kwenye mota, na kutoka kwenye mota hadi kwa mtu, bila kufungua chochote.

Mzee akatoa swichi ya mlango wa dereva na kuipasua kwa bisibisi. Ndani kulikuwa na weusi na kitu kinachonata. "Umemwaga nini hapa?" Nikasema sijamwaga kitu. Akanusa. "Kitu kitamu hiki." Mpaka leo sikumbuki kumwaga soda wala juisi. Lakini gari hilo haliendeshwi na mtu mwingine, na kwa ushahidi wa namna hiyo mimi nilishamhukumu mtu.

Alisafisha kwa msasa laini na spiriti, akarudisha, akadai shilingi 15,000.

Mwaka 1877 mwanafalsafa na mwanahisabati wa Kiingereza, William Kingdon Clifford, alichapisha insha juu ya maadili ya kuamini. Wengi wanaoitaja wanakumbuka mfano wake wa kwanza, wa mwenye meli anayejishawishi kwamba meli yake kuukuu ni salama, na abiria wanazama. Mfano wa pili hausimuliwi sana. Kuna kisiwa, na kisiwani watu fulani wa dini fulani wanavumishiwa kwamba wanatumia njia chafu kuwafundisha watoto. Wenyeji wanaunda chama, wanawatangaza, wanawaharibia majina. Tume inaundwa, inachunguza, inakuta watuhumiwa hawana hatia, na kwamba ushahidi wa kuwasafisha ulikuwa wazi kwa yeyote ambaye angejisumbua kuutafuta. Kisha Clifford anageuza: tuseme tume ingewakuta na hatia. Je, waliowashutumu wangekuwa wamefanya haki? Anasema hapana. Wangekuwa wamepatia kwa bahati, na lawama yao ingebaki ileile.

Hapo ndipo pagumu kukubali. Ningefurahi kusema kosa langu ni kwamba kijana hakuwa mwizi. Lakini nikifikiri mzee angefungua mlango na kukuta boliti zimeguswa na mota ni ya gari jingine, ile simu ya Makambako ingekuwa simu ileile: mtu mwenye baridi na hasira, asiyejua waya wa mota unarudi wapi, akitaja mwizi.

Rafiki yangu mmoja wa Uyole anapinga. Anasema sheria ya Clifford ni ya watu wenye muda. Nchi hii vifaa vinachomolewa kweli. Ukingoja ushahidi wa kila jambo utabaki na gari lisilo na betri. Ana hoja. Lakini mimi naona kuna tofauti kati ya kujihadhari na kushutumu. Ningeweza kusimama pale mlango ulipofunguliwa badala ya kwenda kunywa chai. Ningeweza hata kuweka alama ya rangi kwenye mota. Hayo yote ni shuku, na hakuna aliyeumia. Simu ni kitu kingine, kwa sababu upande wa pili kulikuwa na mtu mwenye uwezo wa kumfukuza mtu.

William James alimjibu Clifford mwaka 1896. Alisema yapo mambo ambayo imani ikitangulia ushahidi husaidia kuuzaa: ukimwamini mtu mapema, huenda akawa mwaminifu kwa sababu hiyo. Namkubali James, ila naogopa kwamba shuku nayo huzaa ushahidi wake. Nilipompigia tena mwenye gereji kumweleza yaliyotokea, aliniambia dogo aliondoka siku ileile ya simu yangu, hakuaga. "Angekuwa safi angekaa ajitetee," akasema. Alifoka, kijana akakimbia, na kukimbia kukawa ndio uthibitisho.

Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye kosa kabla hatia haijathibitika. Tunaisoma kama jambo la mahakimu. Barabarani tuna msemo mwingine wa magazetini, "wananchi wenye hasira kali", unaotumika mtu akishapigwa mpaka kufa kwa sababu mmoja alipiga kelele za mwizi. Siku zote nimewafikiria hao kama watu wa aina nyingine. Yule wa kwanza kupiga kelele huwa hana jiwe mkononi, na pengine naye huondoka akijisikia vizuri.

Mwezi Septemba nilipita Iringa. Mwenye gereji alinipokea kwa kamwene na tabasamu, kana kwamba hakuna kitu. Nilimwambia nataka kumwona kijana, nimlipe siku alizopoteza na, kama anakubali, arudishwe kazini. Akasema nafasi ina mwingine sasa. Aliskia dogo yuko Ilula, kwenye nyanya, anapakia malori. "Yaliyopita si ndwele, mnyalukolo. Gari limepona, au?"

Ilula ni mwendo mfupi kutoka Iringa kwa barabara ya Dar es Salaam, na msimu wa nyanya vijana wa kupakia ni wengi pale barabarani. Nikamwambia nitakwenda kumuulizia, anipe jina lake. Akamgeukia fundi mkubwa aliyekuwa chini ya gari. Fundi akafikiri, akasema pale walikuwa wakimwita Dogo.