Mistari Hii ni ya Nani?

Mtu aliyefuma soksi kwa uzi unaojichora mistari, je, ana haki ya kusema, "Hii ni kazi ya mkono wangu"? Swali ni dogo kwa sura. Walakini linamgusa kila ajengaye juu ya msingi wa mwenzake, mfasiri akiwa miongoni mwao.

Tuuangalie uzi wenyewe. Huko Ujerumani, ambako wengi hufuma soksi majumbani, uzi huu huuzwa kwa madonge ya gramu 100 yenye urefu wa mita 400 hivi. Aghalabu robo tatu ni sufu, na robo ni nailoni. Kiwandani hutiwa rangi kwa vipande virefu vinavyopokezana: buluu, manjano, nyeusi, kisha buluu tena. Mfumaji habadilishi uzi wala hafungi fundo. Huenda na sindano zake akizunguka, na mistari hujitokeza yenyewe.

Yenyewe? Hapo yatupasa kusita. Chukua kipande cha buluu cha mita 6. Soksi ya mtu mzima ikila sentimita 60 za uzi kwa kila mzunguko, buluu itadumu mizunguko 10. Ya mtoto ikila sentimita 40, itadumu mizunguko 15, na mstari utapanuka. Mtia rangi alipima urefu tu. Upana huamuliwa na mguu utakaovaa na mkono ufumao. Tena uzi haujui kuwa miguu ni miwili. Soksi ya kwanza ikianzia mwanzo wa buluu, ya pili haitafanana nayo mpaka mfumaji autafute mwanzo ule ule, hata ikibidi kukata uzi na kuuweka kando.

Kwa hiyo haki ya kusema "yangu" haitokani na kubuni kila kitu. Mshairi wa tarbia hakubuni mizani 16 za mshororo, wala mfasiri hakubuni maana. Wote huhukumiwa kwa maamuzi waliyoachiwa. Lakini haki hiyo ina sharti: mfumaji asifiwapo kwa uzuri wa rangi, amtaje mtia rangi. Akinyamaza, ameiba kwa kimya chake. Na yule adaiye kuwa uzi ndio uliofanya kazi yote, naye amedhulumu. Kwani donge likiachwa kikapuni miaka 10, halitatoa hata kisigino kimoja.