Njaa na Tamaa

Soma Hesabu 11:4-6. Mana ilishuka usiku pamoja na umande, na watu walikula wakashiba. Hata hivyo walilia. Walikumbuka samaki wa Misri, matango na vitunguu. Je, njaa na tamaa ni kitu kimoja?

Swali hili limetufikia kwa njia ambayo wazee wetu hawakuijua. Hospitali ya Taifa Muhimbili-Mloganzila, Dar es Salaam, huwawekea puto tumboni watu wenye uzito uliopitiliza, na pia hufanya upasuaji wa kupunguza tumbo. Katika aina moja ya upasuaji huo huondolewa takribani robo tatu ya mfuko wa chakula, na kwa sehemu hiyo hupungua sana homoni ya grelini, inayouambia ubongo kwamba mwili una njaa. Mtu hutosheka na vijiko vichache.

Wapo waumini, hapa Ilemela na kwingineko, wasemao kwamba huko ni kulikimbia fundisho la kiasi: angeshika kanuni za afya asingehitaji kisu. Wazo hilo tulipime. Ikiwa njaa hupungua kwa kuondoa sehemu ya mwili, basi huenda wengine tumezaliwa na njaa ndogo na wengine kubwa. Mwembamba aachaye nusu sahani pengine hajashinda jaribu lolote, ameshiba tu. (Na walafi wembamba tunawajua.) Wagalatia 5:23 hulitaja kiasi kuwa tunda la Roho, nalo halipimwi kwa mizani ya zahanati.

Lakini kisu hakiifikii kumbukumbu. Majuma ya kwanza aliyepasuliwa hunywa vimiminika tu, kisha hula vilivyopondwa, kisha vilivyo laini. Hujifunza kula upya kama mtoto: atafune polepole, aanze na maharage, yai au sato kabla ya ugali, maji ayanywe mbali na mlo, na vitamini azitumie maisha yake yote. Uzito hushuka sana mwaka wa kwanza. Ila soda na aiskrimu hupita kwa urahisi hata katika tumbo dogo, na mwenye kuonjaonja kutwa nzima aweza kuurudisha uzito wake miaka michache baadaye. Njaa imenyamaza, tamaa bado inasema, na hapo ndipo anapohitaji kiasi.

Tena hachagui peke yake. Sabato mchana, kwenye chakula cha pamoja, mama mkarimu humwongezea ugali na sato mzima. Akikataa huambiwa, "Dada, umekidharau chakula chetu?" Kwetu kumlisha mgeni ni heshima, lakini vijiko viwili vya ziada vyaweza kumtapisha. Katika Warumi 14 Paulo aliona kwamba chakula cha mmoja chaweza kumkwaza mwingine.

Kwa majadiliano: Dada huyo akiketi mezani kwenu Sabato ijayo, mtampakulia nini, na nani atakayemwuliza kwanza anachoweza kula?