Nani Atangulie Mlangoni?

Mtu akifika kisimani na kukuta ndoo kumi zimekwisha kupangwa, huweka yake nyuma, naye hungoja. Hapana aulizaye kwa nini. Hata mtoto mdogo ajua ya kuwa aliyetangulia kufika ndiye atanguliaye kuteka, na mwenye kuruka zamu huonekana mkorofi. Desturi hii ni njema, nasi hatuna neno juu yake. Foleni humlinda mnyonge: palipo na foleni mwenye nguvu hawezi kumsukuma mjane kando, wala tajiri hawezi kumpita maskini.

Lakini twauliza leo: je, sheria ya kisimani yafaa pia mlangoni pa hospitali, mahali wanapopokelewa watoto wagonjwa? Swali hili si la waganga peke yao. Yamkini kila mzazi atalikuta siku moja, naye atakuwa ama miongoni mwa wanaopishwa, ama miongoni mwa wanaopisha.

Tufikiri vema. Maji ya kisimani wote wayahitaji kwa namna moja. Kwa hiyo saa ya kufika yatosha kuamua kati yao. Watoto wagonjwa hawako hivyo. Mmoja ana mafua, naye anacheza miguuni pa mama yake. Wa pili ana homa tangu jana. Wa tatu amelegea mgongoni, macho yamegeuka, pumzi inamtoka kwa shida. Ukiwapanga hao watatu kwa saa ya kufika, umewatendea sawasawa, lakini hukuwatendea haki. Haki ni kumpa kila mmoja kile kimpasacho, na kinachompasa huyu wa tatu ni kupokelewa sasa hivi.

Tena, ni nani afikaye mapema? Mara nyingi ni yule akaaye karibu, au mwenye nauli ya pikipiki mfukoni. Mama atokaye kijiji cha mbali, aliyekopa nauli kwanza, akatembea mpaka barabarani, akangoja gari, ndiye afikaye wa mwisho. Na mtoto wake amezidi kudhoofika kwa ajili ya safari hiyo hiyo. Basi foleni, ambayo kisimani yamlinda mnyonge, mlangoni pa hospitali yaweza kumwadhibu kwa sababu ya unyonge wake.

Fikira hii si ngeni. Zaidi ya miaka 200 iliyopita, Dominique Jean Larrey, mpasuaji katika majeshi ya Napoleon, alishika kanuni ya kwamba majeruhi walio katika hatari kubwa watibiwe kwanza, bila kutazama cheo. Siku hizi waganga huiita kazi hiyo triaji, kwa neno la Kifaransa lenye maana ya kuchambua. Hata hivyo, yafaa tufahamiane. Mwenye kuchambua mchele huyatoa mawe akayatupa. Mlangoni pa watoto hapana wa kutupwa. Wote watatibiwa. Kinachopangwa ni nani kwanza, nani baadaye.

Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha kuwafundisha watumishi wa hospitali kazi hii kwa ajili ya watoto. Kitabu hicho chawagawa wagonjwa katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni la dharura: mtoto asiyepumua au apumuaye kwa shida kubwa, mwenye mikono ya baridi na mapigo dhaifu yaendayo mbio, aliyepoteza fahamu au aliyeshikwa na degedege, na mwenye kuharisha aliyekaukiwa maji mwilini kupita kiasi. Huyo hangoji hata kidogo. Kundi la pili huwekwa mbele ya foleni: mtoto ambaye hajatimiza miezi miwili, aliyekonda sana, aliyeungua moto, aliyekunywa sumu, na yule ambaye viganja vyake ni vyeupe kwa kupungukiwa damu. Wengine wote hungoja zamu yao.

Kutafuta dalili hizo za kwanza hakuhitaji mashine ya bei kubwa. Kwahitaji macho, mikono, na mtu aliyefundishwa. Kitabu hicho chataka hata mlinzi wa lango, karani wa kadi na mfagiaji wafundishwe kuzitambua, maana mara nyingi hao ndio wamwonao mtoto kabla ya mganga.

Je, kuna faida? Tutazame hospitali ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, nchini Malawi. Palikuwa na watoto wengi na watumishi wachache. Mahali pamoja palitumika kwa chanjo, kwa magonjwa madogo na kwa dharura. Katika watoto 100 waliolazwa, walikuwa wakifa kati ya 10 na 18. Ndipo majengo yalipopangwa upya, watumishi wakafundishwa kuwapanga watoto kwa uzito wa ugonjwa na kutoa huduma ya dharura, na waganga wa mlangoni wakashirikiana na wale wa wodini. Idara hiyo ilifunguliwa upya Januari 2001. Baada ya hapo vifo vilipungua hata kuwa kati ya 6 na 8 katika kila 100, kama walivyoandika wenyewe mwaka 2006. Hatusemi kwamba ni mpango wa zamu peke yake ulioleta faida hiyo, maana mambo kadhaa yalibadilishwa pamoja. Lakini kwa sehemu kubwa mambo hayo yalikuwa ya utaratibu na mafundisho.

Sasa atatokea mtu wa kutupinga. Atasema: “Mkianza kuivunja foleni, mmewafungulia njia wakubwa. Leo atapitishwa mtoto mwenye degedege, kesho atapitishwa mtoto wa mheshimiwa, na keshokutwa mtoto wa yule aliyefumbata noti mkononi. Mkono mtupu haulambwi.” Neno lake lina uzito, nasi hatulipuuzi. Ndiyo maana yapasa sababu ya kumtanguliza mtoto ionekane katika mwili wa mtoto mwenyewe, wala si katika mavazi ya baba yake. Dalili na ziandikwe kwa lugha ijulikanayo na wote, zibandikwe ukutani, ili kila mama aweze kujionea kwa nini fulani amepitishwa. Kanuni iliyo wazi kwa wote ni vigumu kuiuza. Iliyofichwa katika kichwa cha mtu mmoja huuzwa kwa urahisi.

Pili, yatupasa kumkumbuka yule anayengoja. Huyu naye ameamka alfajiri, mtoto wake ana homa kweli, naye anaona wengine wanampita. Je, ameibiwa? Twasema hapana, maana haki yake ya kwanza haikuwa nafasi ya tatu au ya nne katika benchi. Haki yake ilikuwa kwamba mtoto wake atazamwe mara afikapo na mtu ajuaye anachokitazama. Mtoto asipotazamwa, basi mama huyo ameibiwa kweli, hata akiwa wa kwanza katika foleni. Tena homa ya asubuhi yaweza kuwa degedege saa sita. Kwa hiyo wanaongoja watazamwe tena na tena, na waambiwe kwa upole kwa nini wanangoja. Mama aliyeelezwa huvumilia. Aliyenyamaziwa huona amedharauliwa, na mara nyingi huona kweli.

Tatu, tusidhani ya kuwa haraka yenyewe ndiyo huruma. Mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, mojawapo ikiwa ya Muheza mkoani Tanga. Ulihusu watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali ambao damu yao ilikuwa haizunguki vema mwilini. Waganga wengi walikuwa wameamini kwamba watoto wa namna hiyo yafaa watiwe maji mengi mshipani kwa haraka. Ikaonekana kinyume. Katika kila watoto 100 waliotiwa maji kwa haraka, walikufa kama 10 au 11 katika saa 48 za kwanza. Katika kila 100 wasiotiwa hivyo, walikufa kama 7. (Watoto wenye kuharisha hawakuingizwa katika utafiti huo, wala hatusemi wanyimwe maji.) Waganga waliofuata desturi ile walikuwa na nia njema, lakini nia njema haikutosha, ilipasa wahesabu na kulinganisha. Mtoto aliyetangulizwa amepewa muda wa wenzake. Akitibiwa vibaya, muda huo umepotea kwake na kwa wenzake pia.

Basi, kila mmoja wetu ana fungu lake. Wakuu wa hospitali waweke mtu aliyefundishwa mlangoni, usiku na mchana, wala wasiihesabu kazi hiyo kuwa ndogo ya kuachiwa yeyote asiye na shughuli. Vifo vya watoto vingi hutokea katika saa 24 za kwanza baada ya kufika; kwa hiyo hospitali na ihesabu vifo hivyo na kuchunguza kila kimoja, si kwa kutafuta wa kulaumiwa, bali kwa kutafuta mahali palipochelewa.

Nasi wazazi tuwafundishe watu wa nyumbani dalili za hatari, baba sawa na mama, na bibi aliyeachiwa wajukuu. Tusingoje kupambazuke wakati mtoto anapumua kwa shida. Tukifika, tuseme wazi tulichokiona: “Ameshikwa na degedege mara mbili njiani,” au, “Hajanyonya tangu jana jioni.” Heshima haimkatazi mama kusema, kunyamaza kwa haya mbele ya mtumishi mwenye shughuli nyingi kwaweza kumgharimu mtoto wake.

Na siku ile tukiwa benchini, mtoto wetu akiwa na homa ya kiasi, kisha akaingia mama mwenye vumbi la safari na mtoto aliyelegea begani, tusingoje mwuguzi atuambie. Tusimame tumpishe, tena tumwite mwuguzi kwa sauti, maana huenda mama yule hajui mlango ni upi.