MATEMBEZI YA MTU NA MKEWE

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu, na kumsalia Mtume wake Muhammad (s.a.w.) na jamaa zake na sahaba zake wote:

Ni jambo lijulikanalo ya kuwa mtu wa pwani hakuacha tangu zamani kusafiri kwa kutafuta riziki. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo ikenda kwa miguu hata Tabora, na wengine wakapita mbele mpaka nchi za Ziwa. Leo watu wenda Kahama kwa gari, wakivutwa na biashara na dhahabu. Kwani mgodi wa Bulyanhulu ulianza kazi mwaka 2001, na wa Buzwagi mwaka 2009, na ijapokuwa Buzwagi ulifungwa mwaka 2021, biashara ya mji haikukatika. Katika wasafiri hao wako waliokwenda na wake zao, na khabari ya hao ndiyo makusudi ya karatasi hizi.

Ikifika kiangazi, mvua zimekatika na mpunga umevunwa, njia huwa kavu na nyoyo za watu hutamani kutembea. Siku ya mapumziko mume huvaa kanzu yake njema akatoka pamoja na marafiki zake. Mara wenda kutazama mashindano ya baiskeli, ambayo watu wa Usukuma wayapenda mno. Mara wenda kuwazuru wenzao wa Kagongwa na Isaka, wakala na kuzungumza hata jioni. Na mkewe je? Mkewe yu nyumbani. Mama yake yuko Tanga, dada zake wako Pangani, na uani kwa jirani husemwa Kisukuma asichokijua. Yeye ni mgeni mara mbili: mgeni wa mji, na mgeni wa furaha ya mumewe. Akiomba kutoka pamoja naye huambiwa ya kuwa mtu mwenye heshima zake haongozani na mkewe njiani, watu watamcheka.

Basi neno hili na litiwe katika mizani ya Sunna, lionekane uzani wake.

Imepokewa na Abu Daud na Imamu Ahmad, katika hadithi ya Bibi Aisha (r.a.), ya kuwa alikuwa safarini pamoja na Mtume (s.a.w.), naye wakati huo ni mwepesi wa mwili. Mtume akawaamrisha watu watangulie mbele. Walipokwisha kutangulia alimwita mkewe washindane mbio, wakakimbia, na Bibi Aisha akamshinda. Mtume akanyamaza. Siku zikapita, Bibi Aisha akanenepa, na lile jambo akalisahau. Wakawa katika safari nyingine, Mtume akawatanguliza watu tena, akamwita washindane. Na mara hii Mtume ndiye aliyeshinda. Akacheka, akamwambia ya kuwa ushindi huu ni malipo ya ule wa kwanza.

Mwenye akili na atazame mambo matatu katika khabari hii. La kwanza, aliyekimbia hakuwa mtu asiye na shughuli. Alikuwa kiongozi wa umma, safarini, na wahyi humshukia, na juu ya hayo alimpatia mkewe saa ya mchezo. La pili, alishindwa na mwanamke wala heshima yake haikupungua hata chembe, kwani heshima ya kweli haivunjiki kwa kicheko cha nyumbani. La tatu, hakukimbia naye mbele ya macho ya watu, bali aliwatanguliza kwanza. Kwa hivyo aliyemfungia mkewe ndani amekosa nusu ya sunna hii, na aliyemchezesha mkewe hadharani mbele ya wanaume wa kando amekosa nusu ya pili.

Na mashindano yako namna mbili. Kukimbia kwa miguu pasipo dau ni halali. Ama kuweka dau juu ya mbio za miguu, haisihi kwa kauli iliyo sahihi katika madhehebu ya Imamu Shafi. Kwani hadithi imeruhusu dau katika ngamia na farasi na mishale, vitu vya kujitayarisha kwa vita. Na watazamaji wanaowekeana fedha kando ya njia, nani atashinda katika wapanda baiskeli, hao wanacheza kamari, wala hakuna khitilafu katika uharamu wake.

Namna ya pili ni mbio za njia kuu. Njia itokayo Isaka kupita Kahama ni njia ya malori yendayo Rwanda na Burundi. Wako wanaume ambao, wakiisha kumpandisha mke juu ya pikipiki, huona ni ushujaa kushindana na lori au na mwenziwe, vumbi likipaa na mwanamke nyuma akishika nguo za mumewe kwa hofu. Hao na waikumbuke khabari ya Anjasha, iliyomo katika Bukhari na Muslim. Anjasha alikuwa akiwaswaga ngamia waliopakia wanawake, na kwa uzuri wa sauti yake ngamia wakenda mbio. Mtume akamwamrisha aende polepole, akawafananisha wale wanawake na vyombo vya kioo. Ikiwa mwendo wa ngamia ulikatazwa kuzidi kwa ajili yao, mwendo wa mashine utakuwaje? Mke ni amana, na mwenye kuchukua amana hachezi nayo barabarani.

Ama ziara za marafiki, ni ibada kubwa mtu akizuru kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Lakini katika Sahihi Muslim iko khabari ambayo wenye kupenda mialiko wangaliikumbuka kila waalikwapo. Mtume alikuwa na jirani Mfursi, hodari wa kupika mchuzi. Siku moja alipika, akaja kumwalika. Mtume akamwuliza, akimwashiria Bibi Aisha, kama na huyu naye amealikwa. Akajibu la. Mtume naye akakataa kwenda. Mfursi akarudi mara ya pili, ikawa vivyo hivyo. Alipokuja mara ya tatu akamkubali Bibi Aisha, ndipo wakaondoka wote wawili wakafuatana mpaka nyumbani kwake. Je, yuko nani leo awezaye kuacha sinia ya pilau kwa sababu mkewe hakuitwa?

Na rafiki mwema humsaidia mke wa rafikiye. Imo katika Bukhari ya kuwa Salman alimzuru Abu Dardai, ndugu yake aliyeunganishwa naye na Mtume, akamwona mke wa nduguye amevaa ovyo, hakujipamba. Alipomwuliza sababu, akamwambia ya kuwa Abu Dardai hana haja na dunia. Mchana hufunga na usiku husali. Salman hakusema ya kuwa mambo ya nyumba ya watu hayamkhusu. Alimfuturisha nduguye, akamlaza usiku, akamkumbusha ya kuwa Mola wake ana haki kwake, na nafsi yake ina haki, na mkewe ana haki, basi kila mwenye haki apewe haki yake. Khabari ilipofika kwa Mtume, akasema Salman amesema kweli. Haya basi: ikiwa sala ya usiku haikuwa udhuru wa kumsahau mke, je, baraza ya marafiki itakuwa udhuru?

Pengine mume atajibu ya kuwa yeye amlisha mkewe na kumvisha, hana deni. Kweli, wanavyuoni wa Kishafi wamepima nafaka ya mke: mwenye wasaa mudi mbili kila siku, wa katikati mudi moja na nusu, na mwenye dhiki mudi moja. Lakini Mwenyezi Mungu aliamrisha pia kukaa na wake kwa wema, na wema haupimwi kwa kibaba. Mwanamke aliyeacha mji wa mama yake akamfuata mume hata Kahama hakufuata mudi mbili za mchele. Mchele uko Tanga pia. Alimfuata yeye.

Walakini matembezi yana adabu zake. Mke na atoke amejisitiri, wala asitoke na manukato ya kuvuta macho. Wakifika kwa wenyeji, wanawake na wakae na wanawake, na wanaume na wanaume, wala pasiwe na faragha ya mtu na asiye maharimu wake. Wasikae mpaka mwenyeji akachoka. Tena matembezi yasiile sala. Kutoka Kahama kwenda Kagongwa au Isaka si safari ya kupunguza sala, kwani haikufika marhala mbili. Basi na wasali rakaa nne kamili, kila sala kwa wakati wake. Na siku ya Ijumaa matembezi na yangoje mpaka sala ya Ijumaa ishe.

Basi mume aliyesoma karatasi hizi, siku ya mapumziko ijayo, kabla hajavaa kanzu yake, na amwulize mkewe wapi apendako kwenda. Asipokuwa na gari, miguu anayo, na kiangazi njia ni kavu. Na marafiki wakimcheka, na awaambie ya kuwa yuko aliye bora kuliko wao wote, naye alitembea na mkewe, akakimbia naye, akashindwa, kisha akashinda akacheka.

Mwenyezi Mungu atuongoze katika mwendo wa Mtume wake, na azitie mapenzi na rehema nyumba za Waislamu, walioko pwani na walioko bara. Amin.